Zuio la kufukuza wapangaji Texas: kinga iliyomwokoa aliyejua kuidai

UCHAMBUZI
Sugar Land, Texas

Januari 1, 2026 ilianza kutumika sheria mpya ya jimbo la Texas kuhusu kesi za kuwatoa wapangaji kwenye nyumba. Inajulikana kwa namba yake, SB 38, na Gavana Greg Abbott aliitia saini Juni 2025. Kwa Watanzania, Wakenya, Wakongo na Waganda wengi wanaoishi Sugar Land, Houston, Dallas na Fort Worth, habari hiyo ilipita kimya kimya. Kwenye mikusanyiko yetu tulizungumza uhamiaji, tukazungumza uchaguzi wa nyumbani, tukazungumza bei ya tiketi za ndege. Pango hatukulizungumza.

Ni jambo la kushangaza kidogo, kwa sababu miaka michache tu iliyopita, wakati wa korona, hakuna neno lililotajwa sana kwenye simu zetu kama "zuio". Serikali imezuia watu kufukuzwa, tuliambizana. Kaa ndani, hawawezi kukutoa. Wengine walikaa ndani kweli, na wakatolewa. Wengine waliokuwa na deni lilelile, kwenye mtaa uleule, walibaki. Tofauti yao ilikuwa nini? Swali hilo lina faida leo kuliko lilivyokuwa wakati ule, kwa sababu janga jingine litakuja, liwe kimbunga, maradhi au mishahara kusimama, na safari hii milango mingi iliyofunguliwa mwaka 2020 imeshafungwa.

Sheria inavyofanya kazi siku za kawaida

Kwanza tuelewe mambo yalivyo pasipo janga lolote. Texas mpangaji akichelewa kulipa, mwenye nyumba humpa notisi ya kuhama. Muda wake wa kawaida ni siku tatu, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Siku tatu zikipita, mwenye nyumba bado hana ruhusa ya kumtupa nje. Anachopata ni haki ya kufungua kesi. Kesi hizi husikilizwa katika mahakama ndogo za kaunti, ambazo Wamarekani huziita mahakama za majaji wa amani. Mkazi wa Sugar Land kesi yake iko chini ya kaunti ya Fort Bend.

Shauri husikilizwa si mapema kuliko siku ya 10 wala si baada ya siku ya 21 tangu lifunguliwe. Ukifika, jambo lenyewe linaweza kumalizika kwa dakika chache, maana swali kubwa ni moja: kodi imelipwa au haijalipwa? Kuumwa, kuachishwa kazi, kuuguza mtoto, vyote hivyo hakimu anaweza kuvisikitikia lakini kisheria si utetezi. Usipofika kabisa, hukumu inatolewa ya upande mmoja. Baada ya hapo una siku tano za kukata rufaa. Zikipita, mwenye nyumba anachukua hati ya kurejeshewa nyumba, konstebo wa kaunti anabandika tangazo mlangoni la saa 24, na baada ya hapo vyombo vyako vinatolewa nje.

Kwa hiyo kutoka notisi ya kwanza hadi godoro kuwekwa kando ya barabara inaweza kuchukua takriban mwezi mmoja hivi. Aidha, kumbukumbu ya kesi inaweza kukufuata. Makampuni ya kupangisha nyumba hukagua historia ya mwombaji, na hata kesi iliyofutwa inaweza kukukosesha nyumba nyingine.

Kilichotokea mwaka 2020

Korona ilipoingia, wa kwanza kusimamisha utaratibu huu hapa Texas hawakuwa wabunge. Ilikuwa Mahakama ya Juu ya jimbo, ambayo Machi 2020 ilitoa amri ya dharura ya kusitisha kesi za nyumba za kuishi. Hata hivyo amri hiyo ilidumu muda mfupi. Kesi ziliruhusiwa kuanza tena Mei 19, na hati za kuwatoa watu wiki moja baadaye, wakati maelfu ya wafanyakazi wa mahoteli na migahawa ya Houston walikuwa bado hawajarudi kazini.

Wakati huohuo Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria kubwa ya misaada, iliyotiwa saini Machi 27, 2020. Ndani yake mlikuwa na zuio la siku 120, lakini si kwa kila nyumba. Liligusa nyumba zenye mikopo iliyodhaminiwa na serikali kuu au zilizo katika mipango ya nyumba za ruzuku. Sasa jiulize, ni mpangaji gani anayejua mwenye nyumba wake alikopa wapi? Zuio hilo likamalizika Julai 24, 2020.

Ndipo likaja lile lililozungumzwa na kila mtu. Septemba 4, 2020 ilianza kutumika amri ya kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, CDC. Hoja yao ilikuwa ya kiafya, kwamba ukiwatoa watu majumbani watakwenda kubanana kwa ndugu na ugonjwa utasambaa. Amri hiyo iliongezwa muda mara kadhaa hadi Julai 31, 2021, na nyingine ikatolewa Agosti 3 kwa maeneo yenye maambukizi mengi. Agosti 26, 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura sita dhidi ya tatu, ikasema basi. Kama zuio linatakiwa, Bunge ndilo lilipitishe.

Hapa ndipo kwenye kiini cha jambo. Amri ya CDC haikumlinda mtu kwa sababu tu hana fedha. Ilimlinda aliyejaza tamko, akalitia saini chini ya kiapo na kumkabidhi mwenye nyumba. Katika tamko hilo alitakiwa kusema kwamba kipato chake cha mwaka hakizidi dola 99,000, au 198,000 kwa mume na mke wanaowasilisha hesabu za kodi pamoja. Kwamba amejitahidi kutafuta msaada wa serikali. Kwamba analipa kiasi anachoweza. Na kwamba akitolewa atakosa pa kwenda au atalazimika kubanana na wengine. Karatasi moja tu. Asiyeitoa, kwa macho ya mahakama, hakuwa na kinga yoyote.

Fikiria mama Mkongo aliyeletwa na shirika la wakimbizi, anayesafisha vyumba vya hoteli, Kiingereza chake cha kubabaisha. Amesikia redioni na kanisani kwamba hakuna kufukuzwa. Anapata notisi, anaiweka chini ya kabati. Anapata wito wa mahakama, haendi, kwa kuwa "serikali imezuia". Huyu amepoteza nyumba huku zuio likiwa hai na kiwango cha kipato alikuwa amekitimiza mara tatu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba zuio ni kitu cha kudaiwa, na mahali pa kukidai ni palepale mahakamani alipoogopa kwenda.

Texas ilitangulia kuliacha

Kuna jambo jingine ambalo wengi walioko nje ya jimbo hili hawakuligundua. Februari 25, 2021 jaji wa mahakama ya serikali kuu mashariki mwa Texas, J. Campbell Barker, aliamua kwamba serikali ya Washington haina mamlaka ya kikatiba ya kutoa zuio la namna ile. Mwezi mmoja baadaye, Machi 31, Mahakama ya Juu ya Texas iliacha muda wa amri yake ya kuwataka mahakimu walifuate tamko la CDC umalizike bila kuuongeza. Televisheni za taifa zikaendelea kutangaza kwamba zuio lipo hadi Julai, lakini mahakama nyingi za chini za Texas zilikuwa zimeshaambiwa kwamba hazilazimiki tena kusimamisha kesi. Mpangaji wa Fort Bend aliyesikiliza habari za New York alikuwa anasikiliza habari za nchi nyingine.

Miji nayo ilijaribu. Austin na Dallas zilipitisha kanuni zao mwaka 2020 za kumpa mpangaji muda wa ziada. Agosti mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, akatoa maoni kwamba serikali za mitaa hazina uwezo wa kubadili utaratibu uliowekwa na jimbo.

Baada ya janga, watunga sheria wa Austin walihakikisha mjadala huo haurudi. Mwaka 2023 walipitisha sheria ya HB 2127, ambayo inazinyima serikali za mitaa nafasi ya kutunga kanuni katika maeneo kadhaa, yakiwemo ya kuchelewesha notisi au kesi za kuwatoa wapangaji. Jiji la Houston lilikwenda mahakamani kuipinga na likashinda mwanzoni, lakini Julai 2025 mahakama ya rufaa ikautengua ushindi huo. Kisha ikaja SB 38, iliyoongozwa na Seneta Paul Bettencourt wa Houston. Watetezi wake walisema inawalenga watu wanaovamia nyumba za wengine. Kiutendaji, inagusa pia utaratibu wa kesi za kawaida na kuhimiza ziende haraka. Haki itendeke, imewekewa jambo moja jema: mpangaji ambaye hajawahi kuchelewa hapo kabla anapaswa kupewa notisi inayomruhusu kulipa ili abaki, badala ya notisi ya kuondoka tu.

Ukiyaweka yote pamoja unapata picha hii. Mwaka 2020 aliyemlinda mpangaji wa Sugar Land alikuwa jaji wa jimbo kwa miezi miwili, Bunge la Washington kwa miezi minne na kituo cha magonjwa kwa kipande cha mwaka. Kila mmoja alifanya kwa dharura, na kila mmoja aliambiwa baadaye, au alijiamulia mwenyewe, kwamba hiyo si kazi yake.

Deni halikufutwa

Jambo la pili ambalo halikueleweka: hakuna hata moja kati ya amri hizo iliyofuta senti moja ya pango. Kama kodi yako ni dola 1,400 kwa mwezi na hukulipa kwa miezi kumi, siku zuio linapoisha unadaiwa 14,000. Kuahirisha bila kulipa ni kumpa mgonjwa kitanda bila dawa.

Dawa ilikuwa fedha, na fedha zilikuja. Bunge la Marekani lilitenga jumla ya dola bilioni 46 hivi, kwanza Desemba 2020 na tena Machi 2021, kwa ajili ya kulipia kodi za nyumba za watu. Kaunti kubwa kama Fort Bend zilipata mgao wao, na jimbo likaanzisha mpango wake Februari 2021. Ulianza kwa kusuasua, mtandao ukikwama na maombi yakilundikana, lakini baadaye ukashika kasi na ukawasaidia zaidi ya familia 300,000. Novemba 2021 ulifungwa kwa waombaji wapya kwa kuwa fedha zilikuwa zimeshapangiwa watu, ukafunguliwa tena kwa wiki mbili tu Machi 2023. Sambamba nao kulikuwa na utaratibu wa mahakama ambapo mwenye nyumba na mpangaji wakikubaliana, kesi inasimama kwa siku 60 wakati msaada unatafutwa, na kumbukumbu yake inafanywa siri.

Mpango huo ndio uliokuwa wa busara kuliko yote, kwa sababu ulimkumbuka na mwenye nyumba. Tusijifanye hatuwafahamu. Wapo ndugu zetu Fort Bend wenye nyumba moja au mbili za kupangisha, walizonunua kwa mkopo baada ya miaka ya kazi za usiku hospitalini. Benki haikusahau tarehe yao. Kumwambia mtu huyo asimtoe mpangaji, bila kumpa kitu, ni kumhamishia yeye gharama za janga.

Tena sheria ya fedha zile haikuweka sharti la uraia. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliokaa mbali na fomu kwa hofu kwamba kuomba msaada kutaharibu makaratasi ya uhamiaji? Hofu hiyo leo ni kubwa zaidi kuliko mwaka 2021, na aliyeombewa taarifa zake kwenye dirisha lolote la serikali anafikiri mara mbili.

Janga si korona peke yake

Wakazi wa hapa hawahitaji kukumbushwa Harvey. Agosti 2017 mvua za kimbunga hicho zilijaza mto Brazos na mabwawa ya magharibi mwa Houston, na sehemu kubwa za Fort Bend zikaingia maji. Ndipo wengi walipoisoma sheria ya jimbo kwa mara ya kwanza. Inasema nyumba isipokalika kabisa, upande wowote unaweza kuvunja mkataba. Lakini ikiharibika sehemu tu, mpangaji hana ruhusa ya kujipunguzia kodi mwenyewe. Sharti aende mahakamani, kama mkataba haukueleza njia nyingine. Yaani unaweza kulala kwenye chumba kimoja kikavu kati ya vitatu na bado ukadaiwa kodi ya vyote.

Julai 8, 2024 Beryl ikapiga. Wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo la Houston walikatikiwa umeme, wengine kwa zaidi ya wiki moja katika joto kali. Anayelipwa kwa saa hakulipwa siku hizo, na tarehe ya pango haikusogea. Kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025 shughuli za serikali kuu zilisimama kwa siku 43, watumishi wakakosa mishahara na misaada ya chakula ikayumba. Hakuna CDC iliyotoa amri safari hiyo.

Ajabu ni kwamba Marekani inajua kutunga kinga ya kudumu ikitaka. Mwanajeshi aliye kazini ana sheria yake, yenye mizizi ya mwaka 1940, inayomruhusu hakimu kusimamisha kesi ya kumtoa yeye au familia yake kwa siku 90 endapo utumishi umemwathiri kipato. Haikungojea janga itungwe. Ipo kwenye vitabu, inasubiri kutumika. Kwa raia wa kawaida hakuna kitu kama hicho.

Na nyumbani je?

Msomaji aliyeko Dar es Salaam au Nairobi asidhani haya ni ya Wamarekani tu. Mwaka 2020 dola ileile iliyokosekana Houston ndiyo iliyokuwa ikilipia pango la wazazi Mbagala au la mdogo mtu Kayole. Kazi iliposimama huku, vyumba viwili viliyumba kwa mpigo, na kule nyumbani kinga ilikuwa ndogo zaidi.

Tanzania ilikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo mkataba ndio mfalme, na desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele inamaanisha kuwa mpangaji hubeba janga kabla halijatokea. Kenya inayo sheria ya kumlinda mpangaji, lakini inahusu kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichobaki nyuma ya wakati. Wakati wa korona ziliripotiwa habari za wenye nyumba Nairobi kung'oa milango na mabati ili mpangaji aondoke mwenyewe. Uganda ndiyo iliyopiga hatua, kwa sheria ya mwaka 2022 inayokataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama.

Wapo wanaosema kwetu ni afadhali, kwa sababu mwenye nyumba ni mtu unayeweza kumwangukia, wakati huku unadaiwa na kompyuta ya kampuni. Kuna ukweli ndani yake. Lakini huruma haina tarehe wala muhuri, na ikikataa hakuna pa kukata rufaa. Texas, pamoja na ukali wake wote, ina siku ya kusikilizwa. Tatizo letu ni kwamba hatuendi.

La kufanya kabla ya janga

Ukipata notisi, usiiweke chini ya kabati. Soma tarehe. Mwandikie mwenye nyumba, na makubaliano yoyote yawe kwa maandishi. Tunza risiti. Fahamu kwamba kodi ya nyumba hairuhusiwi kutozwa faini kabla ya siku mbili kamili kupita baada ya tarehe yake, na kwamba hata mwenye nyumba akibadili kufuli kwa sababu ya deni, sheria inamtaka akupe ufunguo mpya ukiuomba, umelipa au hujalipa. Wito ukija, nenda. Piga simu 2-1-1 kuulizia misaada iliyopo. Fort Bend na Houston kuna wanasheria wa bure wa Lone Star Legal Aid. Dallas na Fort Worth kuna Legal Aid of NorthWest Texas. Waulize pia kuhusu notisi ya siku 30 ya sheria ya Machi 2020 kwa nyumba zenye udhamini wa serikali kuu, kifungu ambacho kimekuwa kikizozaniwa.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. La jumuiya ni kubwa zaidi. Mwenzetu akifariki hapa Texas, kwa siku chache simu zinapita na fedha za kusafirisha mwili zinapatikana, hata kwa mtu ambaye wengi hawakumjua. Uwezo huo tunao na tunastahili kuusifu. Lakini mtu huyohuyo, akiwa hai na anadaiwa miezi miwili, huficha kwa aibu mpaka konstebo anapobandika karatasi mlangoni. Kwa nini vyama vyetu visiwe na mfuko wa pango wa dharura, na orodha ya watu watatu au wanne wanaojua Kiingereza cha mahakamani, walio tayari kumsindikiza mwenzao asubuhi ya kesi?

Serikali ya Texas imeshaeleza kwa sheria mbili mfululizo kwamba haina mpango wa kusimamisha saa. Msimu wa vimbunga huanza Juni 1 kila mwaka. Tunaambiwa tuweke akiba ya maji, betri na vyakula vya makopo. Kwenye orodha hiyo tuongeze nakala ya mkataba wa nyumba, na namba ya mtu wa kumpigia.